Jina la Kuazima: Sehemu ya Kwanza

Tatu ndiye aliyenilipia nauli, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Mimi na shoga yangu huyu tunashonea chumba kimoja pale Ukunda, na nikiazima kwake hata uzi wa kushikizia kifungo, anauandika daftarini. Safari hii alikuja na tiketi mbili, akaziweka juu ya cherehani yangu.

"Riziki, Jumamosi tunakwenda Tanzania. Kwao mama. Mlima wa mama yangu sitaupanda peke yangu."

Ningekataaje? Mimi nimelelewa na nyanya. Mama yangu nilielezwa kuwa alikufa akinizaa, na mkono ulionilisha ni wa Bi Mwajuma, mamake Tatu, mlango wa pili kutoka kwetu. Kila Idi nguo yangu na ya Tatu zilikatwa kitambaa kimoja. Alipofariki Februari, aliyezimia ni mimi. Tatu ndiye aliyenipepea.

Kwao Bi Mwajuma ni Nyandira, tarafa ya Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Alizaliwa Konstansia, akabatizwa na mapadri, kisha akamfuata dereva wa lori, Mdigo, mpaka pwani. Akasilimu, akawa Mwajuma. Hadithi hiyo alipenda kuisimulia akimenya mihogo, na kila mara aliikatia pale pale, lori linapovuka Mto Wami. Ukimuuliza yaliyofuata alikutuma dukani.

Basi, saa kumi na moja alfajiri tulilidaka basi linalotoka Mombasa. Lunga Lunga tukaipita, Horohoro tukashuka na pasipoti zetu na kadi za njano za chanjo. Mimi ndiyo kwanza navuka mpaka. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nimejipaka wanja, nikasimama kwenye foleni kama bibi harusi anayengoja kuitwa. Tatu alisimama mbele yangu, kimya.

Nje vijana walikuwa wanauza laini za simu na kubadilisha hela. Nikamwambia tununue laini moja tuchangie. Akacheka, akafungua pochi, akatoa laini ya Tanzania na kuichomeka kwenye simu yake. Ikashika mtandao hapo hapo.

"Ya nani?"

"Ya binamu. Aliisahau kwetu."

Binamu zake wote nawajua. Hakuna aliyewahi kufika hata Vanga.

Sikusema kitu. Lakini afisa alipoifungua pasipoti ya Tatu kutafuta nafasi ya kugonga mhuri, nilichungulia juu ya bega lake. Ukurasa ule ulikuwa na mhuri tayari. Horohoro. Mwezi wa Aprili, mwaka huu huu.

Aprili Tatu alinifungia duka, akaniambia anakwenda arusini Malindi.

* * *

Muheza tulinunua machungwa, Segera tukala, na njia nzima mpaka Chalinze shoga yangu alijifanya amelala. Namjua akilala, hukoroma. Chalinze tukashuka, tukapanda basi jingine linalotoka Dar kwenda Morogoro. Viti vilikuwa vimebaki vya nyuma tu, mimi na Tatu tukambana katikati yetu mzee mmoja aliyekuwa na matenga matupu kwenye buti. Alikuwa amepeleka kabichi na karoti Dar, sasa anarudi Mgeta.

"Mnatoka wapi wanangu?"

"Mombasa, mzee," nikamjibu.

"Aa! Mlikotuulia mwanamuziki wetu Mbaraka Mwinshehe!"

Nikamwambia ile ilikuwa ajali ya gari, Januari 1979, na hata kwetu watu walilia. Akacheka, akanipa ndizi. Kumbe alikuwa ametafuta pa kuanzia tu. Kutoka Ubena Zomozi mpaka Mikese hakunyamaza, na sikutaka anyamaze, maana yale ndiyo ambayo Bi Mwajuma hakuwahi kutueleza.

Kwa Waluguru, alisema, mtoto ni wa mama. Baba anaheshimiwa, jina lake unaweza kulibeba, lakini ukoo ni wa mama, shamba linapita kwa mama, na msimamizi ni mjomba. Mimi sikushangaa. Sisi Wadigo tulikuwa hivyo hivyo kabla sheria ya mirathi ya Kiislamu haijashika, na mpaka leo kuna wazee kwetu ambao neno la mjomba hawalivuki.

"Kwa hiyo binti akifia mbali?" nikauliza.

"Watoto wake ni wetu. Wakija, wanapewa. Ila wahesabiwe wote! Ardhi ya kule si ya kuchezea." Akaegemea mbele. "Mwaka 1955 Mwingereza alitulazimisha kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Kazi ya sulubu, na yanafukua udongo mfu, hakioti kitu. Wazee wakagoma. Polisi wakaletwa kule Matombo, mtu akapigwa risasi akafa. Watu walioifia ardhi hivyo, utawadanganya kuhusu shamba?"

Nikaona mkono wa Tatu umekaza mshikio wa mkoba mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Na nyie mnakwenda kwa nani huko?" mzee akauliza. "Mgeta nzima naijua, Langali, Nyandira, kote."

Nikafungua mdomo. Tatu akaniwahi.

"Kinole, mzee. Tunakwenda Kinole."

Kinole! Kinole kuko upande wa pili kabisa wa milima, kwa Chifu Kingalu. Bahasha ya mjomba niliyoisoma kwa macho yangu pale dukani imeandikwa Nyandira. Nikamtazama Tatu. Akageukia dirishani, akanionyesha kwa kidole.

"Ona, Uluguru hiyo."

Ilikuwa imetokeza mkono wa kushoto, buluu, imejifunika wingu kuanzia mabegani. Kwa kweli nilisahau yote kwa muda. Sisi wa Ukunda mlima tunauona kwenye kalenda.

* * *

Tuliingia stendi ya Msamvu magharibi. Wenyewe mji wao wanauita mji kasoro bahari, na kwa mtu wa pwani hilo ni neno la kuchekesha kidogo, kama kumwambia mtu una kila kitu kasoro nyumba. Lakini hewa ilikuwa imepoa, mlima umesimama juu ya mapaa ya nyumba, na bajaji iliyotupeleka Mji Mpya haikutuibia. Nikaanza kujilaumu. Huenda Aprili alikuja kupeleleza tu, akaona aibu kuniambia. Mtu aliyefiwa hafanyi mambo kwa mpangilio.

Gesti aliichagua Tatu. Hakuuliza bei, na mhudumu hakumwuliza jina.

Tulikula chipsi mayai kwenye benchi la nje. Alinimenyea chungwa la mwisho la Muheza, akanipa lote, kisha akafuta mikono taratibu.

"Kesho kutwa kuna kikao cha ukoo. Kesho tunapanda. Kule juu, ukiulizwa jina, sema unaitwa Zainabu."

"Kwa nini?"

"Wazee wana mambo yao. Nitakueleza tukirudi."

"Tatu, mimi nina jina."

"Najua una jina!" Sauti ilimtoka kubwa, muuza chipsi akageuka. Akaniwekea mkono gotini. "Nakuomba. Kwa ajili ya mama."

Akachukua ndoo na kanga, akaenda bafuni uani. Mimi nikabaki chumbani nafungua viatu vilivyonichubua. Simu yake ilikuwa kitandani. Ikaita. Kiooni imeandikwa MJOMBA. Ikakatika, ikaita tena. Mtu mzima akipiga mara mbili usiku ana jambo. Nikapokea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Tatu, mmefika?"

"Tatu anaoga. Mimi ni mwenzake, naitwa Zai..." Jina likanikwama. "Naitwa Riziki."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Riziki yupi?"

"Riziki wa Ukunda. Marehemu Konstansia alinilea."

Nikasikia akimwambia mtu azime redio. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu, mimi ni mzee, nina presha. Usinitanie kwa jambo hilo. Riziki wa Konstansia tulimsomea misa hapa mwezi wa nne, ingawa alikuwa wa dini ya baba yake. Mdogo wake alikuja mwenyewe kutuletea msiba."

"Mdogo wake nani?"

"Tatu."

Nikakaa kitandani.

"Mjomba, Tatu ni rafiki yangu."

"Barua ya Konstansia ninayo hapa, aliiandika kwa mkono wake kabla hajafa. Wanangu ni wawili, Riziki na Tatu, sehemu yangu muwape wote wawili. Tulikuwa tunawangoja wawili. Akaja mmoja, akasema mkubwa ameshazikwa. Kikao cha kesho kutwa ni cha kumkabidhi yeye shamba lote." Akavuta pumzi. "Sasa kama wewe ndiye Riziki, na uko hai, mwenzio anakuleta huku mlimani kufanya nini?"

Mlango ukafunguka. Tatu alisimama na ndoo tupu, maji yanamdondoka kwenye viwiko. Aliitazama simu sikioni mwangu, kisha akanitazama mimi. Akaweka ndoo chini. Akageuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akauchomoa na kuufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Kata simu," akasema. "Kaa hapo, dada."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO