Maziwa ya Marereni Nje ya Daftari

Anayesafiri kutoka Malindi kwenda Garsen huitambua Marereni kwa chumvi. Mashamba ya chumvi yalienea katika ukanda huu kuanzia miaka ya 1970, na mazao yake huhesabiwa kwa tani. Maziwa hayana hesabu kama hiyo. Yanayokamuliwa na Wagiriama vijijini, na yanayotoka kwa wafugaji wa Kiorma upande wa Mto Tana, hunywewa nyumbani au huuzwa mabichi kwa majirani. Mengi hayagusi kiwanda.

Kwa hiyo hayaonekani katika hesabu inayotangazwa zaidi nchini. Viwanda vya Kenya vilipokea takriban lita milioni 684 mwaka 2020 na milioni 802 mwaka 2021. Makadirio ya uzalishaji wote, hata hivyo, ni kati ya lita bilioni 4 na 5 kwa mwaka.

Pengo hilo lina historia ndefu. Walowezi walianzisha ushirika wa maziwa wa KCC mwaka 1925 huko Naivasha, nao ukafuata ng'ombe wa gredi wa nyanda za juu. Bodi ya Maziwa iliundwa mwaka 1958, na KCC ikaendelea kutawala soko la mijini hadi lilipofunguliwa mwaka 1992. Mitambo, magari ya kukusanya maziwa na madaftari vilikaa bara. Pwani, Mombasa hasa, ikawa mnunuzi.

Maradhi nayo yaliwafungia ng'ombe wa gredi njia ya pwani. Mbung'o hueneza nagana. Kupe hueneza ndigana kali, inayoua haraka ng'ombe wa kigeni. Mwaka 1901 na 1902 ndigana ilifika Rhodesia ya Kusini pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ikaua mifugo mingi. Zebu, ng'ombe wa asili wa pwani, huyahimili mazingira haya vyema zaidi, lakini maziwa yake ni kidogo: mara nyingi lita moja au mbili kwa siku, baada ya ndama kupata sehemu yake.

Juhudi za kuongeza kiasi hicho zilifanyika. Kilifi Plantations, shamba la mkonge na ng'ombe, lilichanganya damu ya Sahiwal, mbegu ya Punjab inayovumilia joto, na Ayrshire ya Scotland. Mradi wa taifa wa maziwa, ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi, ulihimiza wakulima wadogo wafuge zizini na kupanda nepia. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Mtwapa wakaongeza lusina na malisho mengine ya jamii ya kunde. Walioweza kumudu ng'ombe chotara waliongeza kipato, lakini bei yake, gharama ya dawa za kupe na ukame viliwaacha wengi nje.

Huduma za mifugo zilihamia serikali za kaunti mwaka 2013. Kwa hiyo Marereni, iliyo katika Kaunti ya Kilifi, inahitaji mizani ya maziwa kwa dharura. Kilifi haiwezi kuchagua vyema mahali pa kuweka tangi la kupozea, au kujua hasara ya ukame, ikitegemea risiti za viwanda pekee. Kipimo kianzie sokoni, kwa kina mama wanaouza maziwa kila asubuhi, na kirekodi msimu wa mvua na wa kiangazi kila mmoja peke yake.