Seli shina: uliza kwanza ni za wapi

Jirani yangu, mama wa mtoto mwenye selimundu, aliniletea karatasi ya wakala wa kupeleka wagonjwa ng'ambo. Imeandikwa "tiba ya seli shina", basi. Za wapi?

Zenye historia ndefu ni za uboho wa mifupa, maana ndizo zinazotengeneza damu. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, waliripoti kwamba mtoto waliyempandikiza uboho kwa ajili ya saratani ya damu alipona na selimundu pia. Kikwazo ni mtoaji. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Kisha kuna dawa kali za kuua uboho wa zamani: huweza kuharibu uzazi, na wapo wanaofariki. Karatasi haikugusa hayo.

Damu ya kitovu, iliyopandikizwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988, hufanya kazi hiyo hiyo, ila seli zake ni chache. Humfaa zaidi mtoto mdogo. Seli za kiinitete huweza kuwa kiungo chochote, hata uvimbe usiotakiwa. Kwa selimundu, hizo bado ni za maabara.

Tulimpigia wakala. Akasema zake hutolewa kwenye mafuta ya tumbo. Seli hizo hazitengenezi damu!

Mama ana watoto wengine wawili. Anataka wapimwe kwanza kama wanalingana na ndugu yao.