Mboga za Jirani katika Sufuria ya Shule: Tatizo Liko kwenye Ununuzi

Mkoa wa Iringa hulima mahindi, maharage, viazi, nyanya, vitunguu na matunda, na malori yake huilisha Dar es Salaam mwaka mzima. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa, mikoa mingine inayosifika kwa chakula, inafuata. Udumavu huanza kabla ya mtoto kuvaa sare, na mlo wa shule hauwezi kuufuta. Lakini takwimu hizo zinabomoa dhana iliyozoeleka, kwamba palipo na mavuno mengi mtoto hula vizuri. Pale Ilula, mkoani Iringa, nyanya hupakiwa kwa matenga kandokando ya barabara kuu, na msimu wa bei mbaya nyingine huozea shambani. Katika shule nyingi za vijijini, mchana huohuo, mwanafunzi anakula makande matupu.

Hoja ya makala hii ni kwamba kinachoitenga nyanya hiyo na sahani ya mwanafunzi ni utaratibu wa michango na ununuzi uliojengwa kwa ajili ya chakula kikavu. Uhaba si sababu, wala ujinga wa wazazi si sababu.

Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, chakula cha shule za kutwa kimebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wazazi. Mkutano unakubaliana kiasi, na baada ya mavuno kila mzazi analeta mahindi na maharage, au fedha badala yake. Vinahifadhiwa stoo na kupikwa mpaka viishe. Utaratibu huu una busara yake, kwa kuwa mahindi hukaa miezi na mchicha uliochumwa asubuhi hunyauka kabla ya jioni. Shule inaponunua, malipo huchelewa. Mfanyabiashara wa nafaka anaweza kusubiri hadi mwisho wa muhula. Mama mwenye matuta machache ya mboga bondeni hawezi, kwa sababu fedha ya leo ndiyo inayonunua chumvi na sabuni ya kesho. Hivyo kalenda ya malipo ndiyo inayoamua mtoto ale nini.

Wapo watakaosema kwamba kununua karibu kumekwishajaribiwa. Ni kweli. Kenya ilianzisha mwaka 2009 mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa nchini, na shule zikatumiwa fedha zinunue zenyewe. Lakini kapu lenyewe lilikuwa nafaka, mikunde, mafuta na chumvi. Mkulima wa jirani aliingia, mboga zake zikabaki nje. Brazil ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zitumike kununua moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa familia, na ikaruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni ya kawaida mradi bei ilingane na ya soko la eneo husika. Fedha za Brazil hatuna. Tunachoweza kuiga ni ule uamuzi wa kumwondolea mkulima mdogo masharti yaliyotungwa kwa wazabuni wakubwa.

Kwa upande wa lishe, mboga na matunda hufanya kazi ambayo maharage hayaifanyi yakiwa peke yake. Maharage yana madini ya chuma, ila mwili huyafyonza kwa shida; vitamini C ikiliwa katika mlo uleule husaidia sana. Vitamini hiyo huharibika kwa moto mrefu, kwa hiyo mboga za majani zitiwe mwishoni, na papai au chungwa liliwe bichi. Ningeanza na matunda: hayahitaji kuni, yanahitaji maji safi na kisu. Wala chakula kikavu si salama kwa kuwa tu ni kikavu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara.

Jibu linalopendwa maofisini ni bustani ya shule, na lina mizizi ya heshima katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Bustani inafundisha, na idumu. Lakini tupige hesabu. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akipewa gramu 100 tu, robo ya gramu 400 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa siku kuanzia umri wa miaka 10, inahitaji kilo 40 kila siku, kilo 200 kwa wiki. Bustani inayomwagiliwa kwa ndoo na watoto, kisha ikaachwa likizo nzima, haifiki huko. Wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanafika.

Kinachohitajika ni mkataba mwepesi kati ya kamati ya shule na kikundi cha wakulima, unaotaja kilo na siku za kuleta bila kulazimisha aina moja: matembele, majani ya maboga na mchicha wakati wa mvua, kabichi na nyanya za mabondeni kiangazi. Malipo yawe kila wiki, kwa bei inayobandikwa ubaoni ili wazazi waione. Mpishi naye aongezewe ujira, maana kuosha na kukata kilo 40 za mboga ni kazi ya watu kadhaa. Vikundi vipo tayari: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kumkopesha mama alime mboga, kisha shule ya kijiji chake isinunue hata fungu moja, ni kuacha kazi nusu.

Basi halmashauri, zinapoandaa bajeti itakayoanza Julai, ziweke kifungu cha mboga na matunda kinachojitegemea, hata kikiwa kidogo, na ziipe kamati ya shule mamlaka ya kulipa kila Ijumaa.