Tarehe ya Nzumari, Kutoka Gazi hadi Vanga

Ukiacha barabara kuu ya Lunga Lunga, huku Kwale, ukashukia baharini, Bodo ni pale nchi kavu inapokwisha na mikoko kuanza. Ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Funzi. Wenyeji husema Chifundi, jirani zao ni Wadigo, na kusini zaidi, Wasini na Vanga, wako Wavumba. Wana tofauti zao, na hata nani ni Mshirazi hasa ni mjadala usiokwisha. Lakini harusi ilipofika hapakuwa na ubishi. Alitafutwa mpiga nzumari, akaja na wenzake wa chapuo, vumi na msondo, na upatu nyuma yao ukigongwa. Wadigo na Waduruma katika ngoma ya sengenya wakaiita bung'o, akina mama wa mjini wakaichezea chakacha, na watu wa Lamu wakashika bakora zao wakacheza kirumbizi kwa sauti yake. Chombo kilikuwa kile kile.

Nzumari ni kongwe kuliko miji mingi inayoipiga. Ina ndugu mbali sana: Uturuki wana zurna, India wana shehnai, China wana suona. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona Sultani akitoka kuswali Ijumaa, mbele yake zinapigwa ngoma na kupulizwa mabaragumu na mazumari. Miaka 167 baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na mmoja wa watu wake akaandika habari za wapigaji waliomsindikiza mfalme, na za mabaragumu mawili ya pembe za ndovu yenye nakshi, urefu wa kimo cha mtu, yanayopulizwa kwa tundu la ubavuni. Hizo ni siwa. Huku kwetu kusini Diwani wa Vumba naye alikuwa na siwa miongoni mwa alama za enzi yake.

Siwa na nzumari zilitembea msafara mmoja, ila mwisho wao haukuwa mmoja. Siwa ilikuwa mali ya mtawala. Haikutolewa ila kwa idhini, na utawala ulipokwisha ikawekwa ndani. Siwa ya Pate, ya pembe, na ile ya Lamu, ya shaba, leo hutazamwa na wageni kwa kiingilio. Nzumari haikuwa na bwana. Ilitoka kwenye msafara wa Sultani ikaingia uani kwa watu: harusini, jandoni, na kwenye ngoma za pepo, ambako mganga hakuweza kumpandisha mgonjwa bila sauti yake. Masheikh wakaisema sana. Nadhani walisikilizwa nusu, kwa sababu wajukuu wa wale wale waliokemewa ndio walioendelea kuiita harusini.

Ufundi wake sasa. Mwili ni kipande cha mti mgumu kilichotobolewa katikati, chembamba juu, kipana chini, na mwisho wake hupanuka kama ua la tarumbeta. Matundu ya vidole hupangwa usoni. Kileleni huchomekwa kijibomba chembamba cha chuma, na kwenye kijibomba huvishwa kisahani cha bati au cha kifuu cha nazi, hapo ndipo midomo inapoegemea. Yote haya yanaweza kufanywa na fundi yeyote anayejua kukereza mguu wa kitanda. Kazi ambayo hawezi kuifanya ni ulimi.

Ulimi ni kipande cha jani la mti wa jamii ya mnazi na mkoma. Hukatwa, hulowekwa, hukunjwa, kisha hufungwa kwa uzi kwenye kijibomba, chini mviringo na juu bapa, kingo mbili zikabaki zimekaribiana bila kugusana. Jani likiwa nene, nzumari hukaa kimya na mpigaji akatokwa macho bure. Likiwa jembamba mno, hupiga kelele kama linachinjwa. Kukiwa na unyevu wa masika hulegea, kukiwa na upepo mkavu hukakamaa. Kwa hiyo mpigaji hawezi kununua ulimi sokoni akarudi nyumbani, hujifungia mwenyewe, huwa na akiba yake, na kabla ya kupiga huutia mdomoni upate mate. Mpigaji asiyejua kufunga ulimi ana miezi michache tu ya kuitwa mpigaji.

Ulimi huo ukishaingia kinywani haushikwi tena. Midomo hufunga kwenye kisahani, mashavu yakajazwa upepo, na mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma. Sauti haikatiki. Ndiyo maana nzumari inaweza kwenda usiku kucha bila kituo, na ndiyo maana mashavu ya wapigaji wazee hulegea mapema. Na kwa kuwa ulimi wa mpigaji mwenyewe hauwezi kuukatakata mlio, kazi ya kutenganisha sauti ni ya vidole peke yake: kugusa, kutelezesha, kuruka tundu na kurudi.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kuna watu wengine duniani waliokutana na tatizo hili la pumzi wakalitatua kwa njia nyingine. Walichukua ngozi ya mbuzi, wakaishona kiriba, wakakipa kazi ya mashavu. Hapa karibu, Oman, Bahrain na Kuwait, zumari ya kiriba ipo: watu wa Ghuba huiita jirba au habban. Jeshi la Oman limekwenda mbali zaidi, lina wapigaji wanaopuliza wakiwa juu ya ngamia.

Ughaibuni huko huko kuna jambo linalowahusu zaidi watu wa Kwale. Watu wa asili ya Afrika Mashariki waliofika Ghuba, wengi wao kwa utumwa, waliendeleza ngoma inayoitwa leiwa. Hupigwa kwa surnai, yaani nzumari hii hii, na ngoma zake bado zina majina ya chapuo na msondo, matamshi tu yamepinda kidogo. Nyimbo zake nyingi zina maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wa leo hawayaelewi yote. Mdigo wa Msambweni akisimama kando ya leiwa mjini Sur, atajua mguu uanzie wapi.

Ayalandi nao wana zumari yao ya kiriba, na sitaki kuiruka, maana inatuhusu. Mpigaji wake hukaa kitini. Hapulizi kwa mdomo: mvukuto mdogo hufungwa chini ya kwapa moja, akiubana hujaza upepo mfuko ulio chini ya kwapa la pili. Kuna bomba la vidole lenye sauti za ngazi mbili kamili, kuna mabomba ya mlio mmoja usiobadilika yanayonguruma chini, na kuna mabomba yenye vibonyezo ambayo mpigaji huyagusa kwa kifundo cha mkono ili wimbo upate mwenzake. Akitaka sauti ikatike, hulikita bomba la vidole pajani. Ulimi wake ni wa tete, wa majani mawili yaliyofungwa pamoja, na mafundi wa Dublin hulalamikia hali ya hewa kama wanavyolalamika wazee wetu. Ukiingia karakana zao utazikuta sindano za uzi, visu vidogo, na rundo la ndimi zilizoharibika sakafuni.

Mti je? Zamani walitumia miti mingine. Leo zumari nyingi za Ayalandi na za Uskoti hukerezwa kwa mpingo wetu, unaokatwa kusini mwa Tanzania, Kilwa na Lindi, na kaskazini mwa Msumbiji. Ni mti mzito, ukiutupa majini huzama, na huchukua miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuuzika. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipewa cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, wanakijiji wakaanza kupata bei iliyo karibu na haki. Kabla ya hapo gogo liliondoka kwa senti, likarudi kama sauti kwenye redio.

Waayalandi hawa walikaribia kuipoteza zumari yao. Ilipofika mwaka 1968 wapigaji hawakufika 100. Mwaka huo wakaunda chama, Na Píobairí Uilleann, na chama hicho hakikuishia kuandaa tamasha. Kilifundisha watoto kupiga, kikafundisha vijana kuchonga na kufunga ndimi, na kikakusanya nyimbo za wazee waliokuwa hai. Mwaka 2017 UNESCO ikaiandika sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wapigaji leo ni maelfu, nao wako hata Japani.

Kwale nayo inaijua UNESCO. Misitu mitakatifu ya kaya iliandikwa mwaka 2008, Kaya Kinondo ya Diani ikiwemo, na mwaka uliofuata mila zinazoambatana na kaya zikawekwa kwenye orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Vibao vipo, watalii huja. Lakini kibao hakifungi ulimi. Harusini kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya nzumari: mtu mmoja, spika mbili, na ndani ya kinanda kuna kitufe kinachoiga mlio wa zumari. Katika hoteli za ufuoni ngoma ya Kidigo hupewa muda mfupi kabla ya chakula cha usiku, na anayetoa tumbuizo humwonyesha mgeni mashavu yaliyojaa kuliko muziki. Shuleni watoto hupewa rekoda ya plastiki, na hiyo si dhambi, ila nzumari na chivoti, ile filimbi ya Wadigo ya kupulizia ubavuni, hubaki picha za kukariri kwa mtihani.

Miti ipo, na mafundi wa kukereza samani wamejaa Ukunda na Msambweni. Kinachokosekana ni vijana walioketi chini ya mpigaji mzee mpaka waweze kulikunja jani wenyewe. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kuanzisha darasa la nzumari bila jengo jipya. Na wewe msomaji wa Bodo, Munje au Ramisi, kama ukoo wenu una mzee anayejua kazi hii, mpelekee kijana mwaka huu, umlipe mzee ujira wake, na usimruhusu kijana arudi kabla hajafunga ulimi wake mwenyewe ukalia.