Chumvi ya Ngozi na Kisu cha Kitoweo: Uwindaji wa Zamani wa Thika na Ruiru

Karibu kila tunachosoma kuhusu uwindaji wa zamani katika nchi ya Thika na Ruiru kiliandikwa na watu waliokuja kutafuta pembe na ngozi. Ndiyo maana tunazijua bunduki za Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, moja baada ya nyingine, lakini vipande vya nyama vilivyobebwa jioni hadi kambini tunavisoma katika sentensi za kupita tu. Upungufu huo umetupotosha. Pembe zilikwenda kwenye makumbusho na kumbi za Ulaya na Marekani. Nyama ilibaki hapa, ikaliwa hapa, na ndiyo iliyoamua mengi: safari ipangwe msimu gani, wanyama wangapi wauawe, nani aitwe mwindaji na nani aitwe mwizi. Anayetaka kuelewa jinsi uwanda huu ulivyowapoteza wanyama wake na jinsi sheria ya leo ilivyozaliwa, na aifuate nyama.

Nchi yenyewe ilikuwa mpaka. Magharibi, kwenye migongo ya Kiambu na Murang'a, Wakikuyu walilima na kufuga mbuzi. Mashariki, kuvuka Mto Athi, walikaa Wakamba, mafundi wa upinde na mshale wa sumu, ambao misafara yao ya karne ya 19 ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani. Kusini palikuwa na malisho ya Wamaasai kwenye mbuga za Athi. Katikati, kuanzia yanapokutana maji ya Chania na Thika hadi Ruiru na chini ya Kilimambogo, ulitandaa uwanda wa nyasi wa mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye kongoni, punda milia, swala pala na kuro, na mbogo waliojificha kwenye mafunjo ya mito.

Hapa msomaji wa Kiambu atanipinga mara moja. Wakikuyu, atasema, hawakuwa walaji wa nyama ya mwituni. Kwa wengi wao ilikuwa mwiko, na mwenye mbuzi zizini hakuwa na sababu ya kumfukuzia swala. Ni kweli, lakini mwiko huo unaitia nguvu hoja yangu. Wakulima wengi kiasi kile waliishi pembeni mwa uwanda uliojaa wanyama, na wanyama wakabaki. Tena palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwinda: wakaaji wa misitu ambao mapokeo ya Wakikuyu yanawaita Athi, wakitajwa pamoja na Wandorobo. Wazee wa Kiambu walipofika mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter kuanzia 1932, walieleza kwamba mashamba ya mababu zao yalinunuliwa kwa mbuzi kutoka kwa wawindaji hao. Tume iliyatilia shaka madai mengi. Hata hivyo, ushahidi huo unaonyesha jambo kubwa: machoni pa wazee hao, mahali pa kuwinda palikuwa mali yenye mwenyewe, mali ya kuuzwa na kurithiwa. Na mwiko wenyewe haukuwa ukuta. Wapiganaji wa Mau Mau, wengi wao Wakikuyu, walipokuwa katika misitu ya Nyandarua miaka ya 1950, walitega wanyama na kula, kwa kuwa njaa haikuwaachia hiari.

Kwa aliyewinda ili ale, mpango ulianzia kwenye majira. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndiyo baridi yetu: mawingu hulala juu ya Ruiru na Thika asubuhi nzima, na nyama iliyoning'inizwa kivulini haiharibiki upesi kama siku za jua. Lakini hewa hiyo hiyo ya unyevu haikaushi nyama, na nyasi bado ni ndefu baada ya masika, mnyama hapatikani kwa urahisi. Januari na Februari mambo hugeuka. Nyasi zimekatika, maji yamebaki mitoni tu, wanyama wanajulikana watapita wapi, na nyama iliyochanwa nyembamba hukauka juani bila shida. Ya kipupwe lazima ipitie moshi wa moto mdogo. Mwindaji wa pembe aliangalia nyasi. Mwindaji wa kitoweo aliangalia nyasi, hewa, kuni, na umbali wa kubeba mzigo hadi nyumbani.

Utaratibu wa Wakamba unastahili kutazamwa kwa karibu. Sumu ilipatikana kwa kuchemsha vipande vya mti kwa saa nyingi hadi ibaki rojo nzito nyeusi, ikapakwa nyuma ya ncha ya mshale, kisha ikafungwa kwa utepe wa ngozi laini ili isikauke wala isimguse mbebaji. Sumu hii husimamisha moyo inapoingia kwenye damu, lakini ikimezwa nguvu yake hupungua sana. Kwa hiyo mchunaji alikata na kutupa nyama iliyouzunguka mwingilio wa mshale, na iliyobaki ikaliwa. Mishale ilikuwa na alama za wenyewe, maana aliyemchoma mnyama kwanza ndiye mwenye dai la kwanza, hata kama mnyama ameangukia mbali mbele ya watu wengine. Ilikuwa sheria kamili ya nyama: nani kaua, nani agawiwe nini, nini kisiliwe. Serikali ya kikoloni ilipokuja kutunga sheria za wanyama, haikuuliza kama kulikuwa na nyingine kabla yake.

Safari ya mzungu nayo, pamoja na fahari yake yote, ilitegemea nyama kuliko vitabu vyake vinavyokiri. Tufanye hesabu. Mpagazi alipewa kwa kawaida kibaba kimoja cha posho kwa siku, kama ratili moja na nusu, na mzigo wake kichwani ulikuwa ratili 60. Msafara wa wapagazi 200 ulikula basi ratili 300 kila siku, yaani mizigo mitano. Siku kumi ni mizigo 50 ya unga, na waliobeba unga huo nao wanakula. Hakuna msafara uliotaka kubeba chakula kitupu. Kongoni mmoja mkubwa hutoa yapata kilo 70 za nyama, na kwa watu 200 hiyo ni gramu 350 kwa kila mtu, kitoweo cha siku moja. Leseni ilihesabu wanyama kwa vichwa vya kutundika ukutani, lakini tumbo la msafara lilikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ilianza upya kila kulipokucha.

Roosevelt ndiye mfano unaojulikana zaidi, na bahati yetu ni kwamba aliandika mambo mengi kwa uwazi. Alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian. Mwezi wa Mei walikuwa Shamba la Juja la William Northrup McMillan, ambalo nyumba yake ilikuwa karibu na makutano ya Mto Nairobi na Mto Ruiru. Huko waliwinda swala pala, kuro na viboko. Kisha wakaenda shamba la mlowezi Heatley kando ya Mto Kamiti, ambako Roosevelt aliwapata mbogo waliokuwa wakiishi kwenye mafunjo. Msafara ulileta tani nne za chumvi. Chumvi hiyo haikuwa ya chakula, ilikuwa ya ngozi: kila ngozi ilikwanguliwa mafuta na nyama, ikasuguliwa chumvi upande wa ndani, ikakunjwa hadi maji yatoke, ikafunguliwa tena na kuanikwa kivulini. Ikichelewa usiku mmoja, nywele hung'oka na miezi ya gharama ikapotea.

Na hapo ndipo ngozi na nyama ziligombana waziwazi. Wapagazi na wabeba bunduki wengi walikuwa Waislamu wa pwani na bara. Mnyama akianguka, walimkimbilia wamchinje kabla hajakata roho, wakitaja jina la Mungu, maana asiyechinjwa ni nyamafu. Mkato wa halali hupita kooni, na koo ndilo analolitaka fundi wa kujaza ngozi ili kichwa na shingo vikae vizuri ukutani. Vitabu vya wawindaji wa wakati ule vina malalamiko mengi juu ya shingo zilizoharibiwa. Mapatano yalikuwa kuchagua kwa makini mahali pa kukata, ili ngozi ipone na mnyama ahalalike. Vidole vichache vya shingo ya kongoni vilibeba mgogoro mzima: aliyekuwa na bunduki aliuona mwili ule kama kielelezo, na waliombebea bunduki waliuona kama chakula ambacho dini imekiwekea masharti. Kwamba ilibidi wapagazi wasikilizwe katika hoja hii ni ushahidi kwamba msafara haukwenda bila ridhaa ya matumbo yao.

Roosevelt na mwanawe waliua wanyama 512. Lawama zilipomfikia, alijitetea kwamba yeye na Kermit walijiwekea kumbukumbu kama dazani moja tu, na kwamba hawakumpiga mnyama isipokuwa kwa ajili ya makumbusho au kwa nyama. Utetezi huu nauchukua kwa uzito. Unaonyesha kwamba mwaka 1909 kuua kwa ajili ya nyama kulionekana sababu halali hata na watu wenye majina makubwa. Lakini halali kwa nani? Leseni ya mgeni ilikuwa pauni 50, sawa na rupia 750. Mpagazi wa msafara alilipwa karibu rupia 10 kwa mwezi. Angehitaji kuweka mshahara wake wote kwa zaidi ya miaka sita ili anunue haki ya kumpiga swala yule yule aliyembeba begani. Mkamba wa ng'ambo ya Mto Athi, aliyewinda kwa utaratibu wa babu zake, akawa mhalifu bila kuhama alipozaliwa. Sababu ile ile, nyama, ilimwosha mmoja na kumfunga mwingine.

Watetezi wa sheria hizo wanasema bila leseni wanyama wangekwisha. Sikatai kwamba mipaka ilihitajika, hasa bunduki za kisasa zilipoenea na biashara ya pembe ilipopamba moto. Ila tuulize nani aliyewamaliza wanyama wa Thika na Ruiru. Wakati sheria zinatungwa, baada ya karne nyingi za mishale na mitego, uwanda ulikuwa bado umejaa. Kilichofuata ni jembe, waya na reli. Shamba la mkonge la Punda Milia, upande wa Makuyu, lilianza mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa Thika mwaka 1908. Reli ikafika mjini 1913. Kahawa ikajaza miteremko ya Ruiru. Mnyama aliyeingia shambani alipigwa risasi kama mharibifu, na nyama yake ikawa posho ya bure ya vibarua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanyama wa mbugani waliuawa kwa wingi kulisha jeshi, vibarua na wafungwa wa Kiitaliano, ambao kambi yao mojawapo ilikuwa Ndarugu, kati ya Juja na Thika. Na si hapa tu: kati ya 1944 na 1946, huko Makueni, mwindaji J. A. Hunter aliua karibu faru 1000 kwa kazi ya serikali ili kusafisha ardhi ya makazi. Hakuna kijiji cha wapiga upinde ambacho kingeiweza kazi hiyo.

Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima Mei 1977, na biashara ya nyara ikafuata 1978, uwanda wa Thika haukuwa tena na cha kupigia marufuku, isipokuwa mbogo wa Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo, mlima uliofanywa hifadhi ya taifa 1967. Kilichobaki kilikuwa biashara ya nyama. Miaka ya 1990 serikali iliruhusu mashamba machache, likiwamo la David Hopcraft kwenye mbuga za Athi, kuvuna wanyama kwa mgawo, na nyama iliyokaguliwa ikauzwa kwa mahoteli ya Nairobi. Mpango ulisimamishwa 2003. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipotungwa ilitaja wazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kula ni kosa, ikaweka faini isiyopungua shilingi 30,000.

Wapo watakaosema hapo hoja yangu inageuka kuwa ombi la kufungua mapori. La. Thika na Ruiru za leo zina mabucha, barabara kuu ya njia nyingi, na Ruiru yenye wakazi karibu 490,000 kwa sensa ya 2019; hakuna kundi la swala linaloweza kustahimili soko la ukubwa huo. Tena nyamapori ya magendo haina muhuri wa mkaguzi, na kimeta hakimwonei huruma mnunuzi. Marufuku naiunga mkono. Nisichokubali ni maelezo yanayoandamana nayo, ya kwamba mwindaji maskini ndiye adui wa asili wa wanyama na kwamba serikali ilifika kuwaokoa kutoka mikononi mwake. Katika nchi hii ushahidi unasema vingine, na unasemwa na kumbukumbu za walowezi na za serikali yenyewe. Maelezo hayo potofu bado yanaamua nani asimamishwe barabarani na kupekuliwa gunia, wakati njia za wanyama zilizobaki zinagawanywa viwanja vya futi 50 kwa 100 kwa hati halali na mihuri yote.