Kivoi katika Masimulizi ya Krapf: Suala la Sauti katika Tarihi ya Ukambani

Tarihi andishi ya Ukambani hutajwa sana pamoja na jina la Johann Ludwig Krapf (1810–1881), mmisionari Mjerumani aliyetumikia shirika la CMS la Uingereza. Safari zake za mwaka 1849 na 1851 zilianzia Rabai, karibu na Mombasa, zikapitia Kikumbuliu, katika Makueni ya leo, hadi Kitui. Masimulizi yake yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860.

Kwa kawaida Krapf husomwa kama mgunduzi, kwa kuwa tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Hata hivyo, matini yake yenyewe yanaupinga usomaji huo. Kabla ya siku hiyo, mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, alikwisha kumsimulia habari za mlima huo mweupe. Hata jina aliloliandika, Kegnia, alilipokea kutoka vinywani mwa Wakamba. Mwaka 1852, Desborough Cooley wa London alikanusha kuwapo kwa theluji hiyo, naye hakujua kwamba aliyekuwa akibishana naye kwa hakika ni Kivoi.

Nafasi ya Kivoi hudhihirika zaidi anapotoweka. Mnamo Agosti 1851 msafara wao ulishambuliwa karibu na mto Tana, na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akibeba maji katika mfuko wa darubini na mtutu wa bunduki. Kuanzia hapo usimulizi hubadilika. Awali ulijaa majina ya makabila, njia na biashara. Sasa umebaki kiu, miiba na giza. Kalamu ni ileile na nchi ni ileile. Kilichokosekana ni maarifa ya mwenyeji.

Jamaa za Kivoi walimshutumu Krapf kwa kifo hicho, naye ikambidi akimbie tena. Shutuma yao imehifadhiwa kwa maneno ya mshutumiwa pekee. Kwa hiyo, mhakiki wa tarihi hii hana budi kuisoma kama kazi ya watu wawili, mmoja aliyejua na mwingine aliyeandika, na kutambua kwamba aliyeandika ndiye aliyebaki na neno la mwisho.