Kupima Miale Isiyoonekana

Mtu akikaribia moto, ngozi yake humwonya kabla hajaungua. Akitia chumvi nyingi katika chakula, ulimi hukataa. Lakini miale ya eksirei hupita mwilini bila joto, bila harufu wala maumivu, na aliyeipokea hajui amepokea kiasi gani mpaka siku nyingi zimepita. Kwa sababu hiyo, wataalamu walilazimika kutafuta shahidi mwingine wa kusema mahali ambapo ngozi hunyamaza.

Miale hiyo iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba, 1895. Mwaka uliofuata madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa tayari wakiitumia kutazama mifupa iliyovunjika na risasi zilizobaki mwilini. Ili kujua kama mashine yafanya kazi vyema, wengi walitia mikono yao wenyewe mbele ya miale. Daktari aliyetaka kutibu alihesabu dakika, kisha akangoja aone kama ngozi ya mgonjwa itakuwa nyekundu. Wekundu huo ulipochomoza, siku kadhaa zilikuwa zimekwisha pita, na kiasi kilichozidi hakikuweza kuondolewa tena. Wahenga walinena kweli kwamba majuto ni mjukuu. Clarence Dally, aliyemsaidia Thomas Edison katika majaribio ya eksirei, aliungua mikono hata ikakatwa yote miwili, na mwaka 1904 akafa kwa saratani.

Mwaka 1902, Guido Holzknecht wa Vienna alitoa kipimo cha namna mpya: chumvi ambazo hubadilika rangi zikipigwa na miale. Mwaka 1904, Raymond Sabouraud na Henri Noiré wa Paris wakafuata njia hiyo hiyo. Wao walitibu watoto wenye mapunye. Ilibidi nywele zing'oke ili ugonjwa utoke pamoja nazo. Lakini miale ikizidi, ngozi huungua na nywele hazioti tena. Basi waliweka kidonge cha kijani katikati ya mashine na kichwa cha mtoto. Kidonge kilipogeuka rangi na kulingana na kielelezo cha hudhurungi, mashine ilizimwa.

Kidonge hicho kiliwaokoa watoto wengi na majeraha, ila kilikuwa na kasoro. Kikiwekwa kwenye mwanga wa jua kilirudia rangi yake ya kwanza, tena macho ya watu wawili hayaoni rangi sawasawa. Kasoro nyingine haikuwa ya kidonge. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba baadhi ya watoto waliotibiwa mapunye kwa eksirei walipata uvimbe na saratani utu uzimani. Kidonge kilieleza kiasi cha miale iliyofika. Hakikuweza kueleza kama kiasi hicho ni salama. Naye Holzknecht mwenyewe alifariki mwaka 1931 kwa madhara ya miale aliyojitahidi kuipima.

Mwaka 1927, Hugo Fricke, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Marekani, pamoja na Sterne Morse, walieleza kipimo kilicho bora zaidi. Waliyeyusha chumvi ya chuma katika maji yenye tindikali ya salfa. Miale ipitapo huvunja molekuli za maji, na vipande vyake huzinyang'anya atomu za chuma elektroni moja moja. Kadiri nguvu iliyomezwa na maji ilivyo kubwa, ndivyo chuma kinachobadilika kinavyozidi. Kisha mwanga hupitishwa katika maji hayo, na chombo husoma ni kiasi gani kimezuiwa. Jicho la mtu halina hukumu tena. Na kwa kuwa mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, habari za chupa hiyo hukaribiana sana na habari za nyama ya mwili.

Hata hivyo maji huchanganyika. Yaweza kusema ni miale kiasi gani imeingia katika chupa, wala hayawezi kusema imeangukia upande upi. Kwa hiyo wataalamu wakageukia jeli, ambayo hukishika kila kitu mahali pake. Mwaka 1950, Day na Stein walionyesha kwamba rangi zilizotiwa katika jeli hubadilika kwa miale. Mwaka 1984, John Gore na wenzake walitia maji ya Fricke katika jeli, wakayasoma kwa mashine ya sumaku ipigayo picha za ndani ya mwili. Lakini chuma kilitambaa polepole ndani ya jeli na picha ikafifia. Katika miaka ya 1990 zikatokea jeli ambazo molekuli zake huungana na kuganda mahali zilipopigwa, zisitambae. Oksijeni ya hewani iliziharibu, mpaka mwaka 2001 ilipoundwa jeli yenye vitamini C, ile iliyomo katika machungwa, ili kuizuia oksijeni hiyo.

Jeli za namna hii zaweza kujazwa katika chombo chenye umbo la kichwa na kupigwa miale kama ambavyo mgonjwa angepigwa. Wataalamu hutazama kama miale imeangukia mahali pa uvimbe, na kama jicho na ubongo vimeepushwa. Kosa likiwapo, huonekana katika jeli, na mgonjwa bado hajaguswa.